Mkono Wangu wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Kurudia mtihani wa urubani wa jeshi la anga ni Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi. Chini wamepiga mstari mwekundu: nafasi ya pili ndiyo ya mwisho. Nimeusoma mstari huo mara saba na haujabadilika.

Nimeichomoa tena karatasi ya matokeo ya mwezi wa tisa kutoka chini ya godoro. Hesabu, 34 kwa 40. Kusoma saa za ndege, zile za kasi na kimo, 31 kwa 40. Mwelekeo, sifuri. Sifuri! Mashine mbovu. Hakuna maelezo mengine.

Mtihani wenyewe si kitu. Tatizo ni mama. Mwezi wa tisa nilimwambia nimefaulu. Ulimi uliteleza, kisha ukateleza tena, nikamwambia mafunzo yamecheleweshwa na ukungu. Miezi sita ya ukungu! Mama hajauliza hata siku moja ni ukungu gani huo. Sebuleni ametundika picha yangu nimevaa kofia ya pikipiki, na kila mgeni anaonyeshwa rubani. Nisipofaulu Jumatatu, sijui nitapitaje mbele ya ile picha.

Jioni kaja mtoto wa shangazi, Miwani. Tulifanya mtihani siku moja, yeye akapita. Tangu hapo havui miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Kajigonga kwenye meza, kisha kauliza kwa sauti, mbele ya mama, eti ukungu wangu umefikia wapi. Namchukia.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: malalamiko. Nafanya kazi kwa mjomba, kwenye gereji yake ya matairi. Nikamdanganya jino linaniuma, nikaenda kambini na barua ya kurasa nne kuhusu mashine mbovu.

Sajini wa chumba cha mitihani ni mtu mzima, mpole, kofia imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ameivaa. Kaisoma barua yote. Kasema mashine ni nzima, watu mia moja na sitini waliitumia siku ile. Kasema vitufe vya mwelekeo ni viwili tu, kimoja kila upande, na mtu akifumba macho akabahatisha hakosi kupata kama ishirini. Kupata sifuri, kasema, lazima uwe unajua kitu. Hakufafanua. Kanitazama kwa huruma, nami nikaondoka nimeshika shavu, nimesahau kwamba jino lilikuwa la kumdanganyia mjomba tu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: mazoezi. Kiti cha jikoni ndiyo ndege. Mpini wa fagio ndiyo fimbo ya kuongozea. Kandambili ndizo pedeli. Dada yangu mdogo, anayesomea uuguzi na asiye na masihara hata kidogo, kakubali kuwa ile sauti inayotoa amri masikioni. Kasema kulia, nikaenda. Kasema kushoto, nikaenda. Baada ya amri ya kumi kanisimamisha. Kaniomba nimwonyeshe mkono wa kulia.

Nikamwonyesha. Kasema huo ni wa kushoto. Nikamwambia aache utani, huu ndio mkono ninaolia chakula tangu nizaliwe.

Dada kanipa kijiko, kaniambia nile aone.

Kumbe! Nikiwa mdogo mama alinifundisha kwamba mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Mimi nakula kwa ule mwingine. Mama alinikanya mpaka akachoka, akaniacha na kijiko changu, nami nikajiwekea kichwani kwamba huu ndio wa kulia. Miaka ishirini na mitano! Sasa naelewa kwa nini mtihani wa udereva uliisha kabla hatujatoka getini. Naelewa kwa nini watu wanaoniuliza njia hawarudi kunishukuru. Naelewa kwa nini nilimsubiri yule binti wa posta saa tatu nzima kwenye mlango wa kulia, na leo ni mke wa mtu.

Sikuweza kumaliza chakula. Sikujua hata nikimalize kwa mkono gani.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kaagiza: mpaka Jumatatu nile kwa mkono wa kulia halisi, nipige mswaki nao, nifungulie milango nao. Njia ndefu mno. Mimi nina ya mkato. Asubuhi nimechukua kalamu ya wino mzito na kuandika herufi K kubwa mgongoni mwa mkono ule alionionyesha. K ya Kulia. Nikajipongeza.

Saa nne mteja kaleta gari. Tairi la mbele kulia linavuja polepole. Mjomba kaniita. Nikatazama mkono. K, safi kabisa. Nikapiga jeki. Hapo ndipo swali likanijia, jasho likanitoka: K ya Kulia au K ya Kushoto?

Nikafikiri sana. Nikakumbuka kwamba mkono ule nimeuita kushoto maisha yangu yote. Basi, ni K ya Kushoto. Nikaenda upande wa pili, nikalivua tairi zima, nikalitafutia tundu nusu saa, sikuliona, nikamtangazia mteja kwamba limepona. Karudi saa saba kwa miguu, kabeba jeki.

Mjomba hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Kaniomba tu nikae ndani nipange nati.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kanisugua mkono kwa chuma cha kusugulia sufuria. Kaniuliza neno kushoto linaanza na herufi gani. Kaniapisha: hakuna tena kuandika mikononi.

Mchana nimekula kwa mkono wa kulia. Kijiko cha kwanza kimeingia sikioni, au karibu na hapo. Mama kaniona. Kaweka kijiko chake chini, machozi yakamlengalenga. Kasema jeshi limenifundisha adabu hata kabla halijanichukua. Kisha kasema Jumatatu atanisindikiza mwenyewe mpaka getini, na kashusha lile sanduku kubwa juu ya kabati.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Anajua vipi habari ya Jumatatu? Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili za kiti na mpini. Leo nimepata 39 kwa 40, na hiyo moja ni kosa la nzi. Dada kacheka, jambo ambalo sijaliona mwaka huu. Kanishika mabega kaniambia kesho nisifikirie chochote, nibonyeze tu kile mkono unachotaka. Kaapa nitapita. Kisha kaenda zake zamu ya hospitali.

Nikabaki na akili zangu peke yangu.

Nisifikirie? Huo ni ushauri wa mtu asiyewahi kurusha ndege. Nimeketi nimepiga hesabu, na hesabu ni somo langu. Mwezi wa tisa niliufuata moyo wangu, nikapata sifuri. Kwa hiyo moyo wangu hukosea mara arobaini kwa arobaini. Nikiupinga mara arobaini, napata arobaini. Kitu kimenyooka hivyo! Nashangaa dada hakukiona. Sikumwambia. Nataka nimshangaze.

Jumatatu, 10 Machi

Mama kabeba sanduku mwenyewe njia nzima, kakataa nimsaidie. Kabaki getini kwenye benchi la wageni, sanduku miguuni.

Hesabu, nimezitafuna. Saa za ndege, vilevile. Kisha visikilizio, vya moto bado kutoka masikio ya mwingine. Sauti ikasema kulia. Mkono wangu ukaondoka wenyewe, haraka, bila kuniuliza. Nikaukamata. Nikabonyeza upande wa pili. Sauti ikasema kushoto. Ukaondoka tena, nikaukamata tena. Mara arobaini! Nilitoka nimelowa jasho, nimeridhika kama sijawahi kuridhika.

Matokeo baada ya saa moja. Hesabu, 36. Saa za ndege, 33. Mwelekeo, sifuri.

Sajini katoka ofisini kuja kuniona kwa macho yake. Kavua kofia. Kasema katika miaka yake kumi na tisa ameiona sifuri mara mbili, na zote ni za mtu mmoja. Kaniuliza nilibonyezaje. Nikamweleza hesabu yangu. Kakaa chini. Kaniambia polepole, kama anaongea na mgonjwa, kwamba mkono wangu leo ulikuwa sahihi mara zote arobaini, na mimi ndiye niliyeuzuia.

Nilikuwa rubani. Kwa dakika sita nilikuwa rubani, nikajipinga mwenyewe.

Nikatoka getini. Nilikuwa nimeandaa habari ya ukungu mpya. Haikutoka. Nikakaa kwenye benchi nikalia. Huko kulia sikukukosea.

Mama kaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha kasema twende nyumbani. Nikashika sanduku nimbebee, nusura nianguke chali. Jepesi! Nikalifungua. Tupu. Hakuna hata soksi.

Kasema anajua tangu mwezi wa tisa. Miwani alimwambia siku ile ile, na wiki iliyopita akamwambia habari ya Jumatatu. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe, na akaogopa kwamba akinisindikiza bila sanduku nitajua anajua, na nitaingia kwenye mtihani na aibu. Nikamwomba aitoe ile picha ukutani. Kasema haitoki, kofia imenipendeza.

Njia nzima nimelibeba sanduku tupu na sikuweza kumtazama usoni. Nimeapa mambo mawili: sitamdanganya tena mama yangu, na dada akiniambia neno nitalifuata.

Jumatano, 12 Machi

Nimeona tangazo kwenye ukuta wa posta! Jeshi la majini linataka waongoza meli. Umri mpaka ishirini na sita. Kuna mtihani mdogo wa mwelekeo, mwezi ujao. Meli inakwenda taratibu, mtu anapata muda wa kufikiri. Kosa langu kwenye ndege lilikuwa haraka tu.

Mama nimemwambia nimeshachukuliwa, kinachosubiriwa ni mawimbi yatulie. Kaenda kushusha sanduku.

Dada simwambii kitu, atanirudisha kwenye kile kiti. Na safari hii sifanyi uzembe. Nimeandika K ya Kulia kwenye mkono wa kulia, na K ya Kushoto kwenye mkono wa kushoto. Wino usiofutika.