Bwana wa Mgonjwa

Itambulike kwa wote, walio majumbani na walio mafichoni porini: mwaka 2000 Utawala wa Ukombozi, tawi la Baraka, ulifuta hofu ya ugonjwa wa titi. Uliifuta kwa Agizo namba 17, lililobandikwa kwenye mlango wa zahanati juu ya tundu la risasi. Kifungu cha nne: maneno ya kidaktari kuhusu titi yataelezwa kwa bwana wa mgonjwa tu, naye atatia sahihi. Kifungu cha tano: bwana ndiye ataamua siku ya kumwambia mgonjwa, asije akaogopa. Utawala ulikuwa umechunguza na kukuta kwamba wanawake wa Baraka mabomu wameshayazoea. Maneno ndiyo yangewamaliza.

Bushira alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, na karatasi ya maabara mkononi. Kusoma alijua. Carcinome. Ganglions. Mastectomie. Aliyasoma yote vizuri, asielewe hata moja. Daktari mpasuaji alikuwa hospitali ya Mboko hadi Ijumaa tu, na leo ilikuwa Jumatano.

"Mama Constance, unielezee tu," alimwomba muuguzi.

Constance alitazama chini. Muuguzi aliyemtangulia alimweleza mgonjwa neno moja, akachimbishwa mahandaki mwezi mzima. "Bwana yako iko wapi?"

"Iddy alikimbiaka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu vita ya kwanza. Hata sijue kama iko muzima."

"Basi mlete huyo Iddy," alisema Komiseri Henri, mtunga agizo mwenyewe, akiingia bila hodi. "Sheria haijui kilio, mama."

Alikuwa amefuata karatasi yake. Naye alikuwa na kauvimbe kifuani, ka kiume, kama alivyokaita. Constance alifungua bahasha, akasoma, akautazama mlango wenye agizo.

"Chef, hii ni ya titi."

"Mwanaume hana titi!"

"Labo inasema iko nalo. Article quatre, kifungu cha nne: bwana yako iko wapi?"

Wamama waliongoja zamu kwenye benchi waliinamisha vichwa kwa heshima kubwa. Kulifuta agizo kulihitaji muhuri wa wakubwa wa Fizi, na barabara ya Fizi ilikuwa mikononi mwa adui.

Bushira akainuka. "Mi nitakuwa bwana yake."

Agizo halikukataza. Akatia sahihi, wakaingia nyuma ya pazia, mgonjwa akabaki nje asije akasikia. Constance alieleza polepole, na Bushira akafuata maneno yale yale kwa kidole kwenye karatasi yake mwenyewe.

"Carcinome ni kansa. Ganglions ni vitezi vya kwapani. Kansa ikifika pale, hakuna kungoja. Mastectomie ni kukata titi yote, ugonjwa usiendelee."

"Kukatwa ni kufa?"

"Hapana. Kukawia njo kufa."

Bushira aliogopa, tena sana, lakini sasa alijua anaogopa nini. Akafunga kitenge chake vizuri, akatoka kuelekea barabara ya Mboko. Komiseri akamshika mkono.

"Karatasi yangu imesema nini?"

"Article cinq, Chef, kifungu cha tano. Usiogope. Nikitoka Mboko, nitaona siku ya kukuambia."

"Lakini mi njo niliandika hiyo sheria!"

"Aksanti, Chef," alisema Bushira. "Uliiandika muzuri."