Kulia Kwake, Kushoto Kwangu

Jumanne, 4 Machi
Nimetazama video ya bwana mmoja mwenye tai. Macho yakipanda juu kulia, mtu anatunga uongo. Yakipanda kushoto, anakumbuka kweli. Mkitazamana, kulia kwake ni kushoto kwako. Nimelishika hilo! Wateja wangu wote nawaona kwenye kioo nikiwanyoa. Nani atanificha kitu sasa?

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, kaja kuomba kazi. Nikamkalisha kitini, nikamuuliza kama anajua kunyoa. Akasema tangu utotoni. Kwenye kioo, macho yakaenda upande wa kweli kabisa! Mchana kamnyoa mwalimu. Mwalimu kaondoka kajifunga kitambaa kichwani. Bahati mbaya tu.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya nuksi. Nilikuwa namnyoa Mkono Mwepesi, kinyozi mwenzangu wa siku zote. Wateja wengi humfuata yeye, si mimi. Nikamuuliza kama anahamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Akasema huo ni umbea, haendi popote. Lakini kwenye kioo, macho yakaenda upande wa uongo! Nikamwita mnafiki mbele za watu. Akainuka, nusu kipara, nusu nywele, akabeba mashine zake, akatoka. Kibanda kimepooza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemsimulia mke wangu. Kanisimamisha nyuma yake mbele ya kioo, kainua mkono wa kulia. Kwenye kioo, uko kulia kwangu pia! Lo! Wakweli wote nimewaona waongo. Na shemeji je? Mke wangu akasema majuto ni mjukuu, niende nikaombe radhi.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda na mke wangu kwa Mkono Mwepesi. Kavaa kofia ndani ya nyumba. Imeniuma. Nikamwomba msamaha. Akasema yameisha, ndugu yangu, kesho atarudi kazini. Ila safari hii tulitazamana, kioo hakuna, na macho yakapanda kulia kwake hasa! Mke wangu anasema mvua ilikuwa imeanza, mwenzangu alikuwa anaangalia bati linalovuja. Mama watoto ana huruma mno. Kiti chake nimempa shemeji.

Jumatatu, 10 Machi
Amekuja. Mapema, na mfuko wa mashine zake. Akamkuta shemeji kwenye kiti chake. Akanitazama usoni, macho yakajaa machozi, akavuka barabara, akaingia saluni ya ng'ambo. Nimeumia, Mungu anajua. Ila kuhusu machozi, ile video haikusema kitu. Natafuta nyingine.