Taa Zangu za Mchana Zinawaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga hesabu tena. Kati ya wanafunzi ishirini wa mwisho wa Miwani, mwalimu mwenzangu, kumi na saba wamepata leseni. Wangu ni saba. Tunafundisha udereva mtaa mmoja, mashimo yaleyale, mkaguzi yuleyule. Tofauti ni moja tu: gari lake lina taa za mchana, zile ndogo za mbele zinazowaka zenyewe gari likitembea juani. Mkaguzi akiliona hutabasamu. Akiliona langu hutafuta kalamu.

Ijumaa mama mkwe anafanya mtihani mara ya tatu. Alikuja kwa wiki mbili, apate leseni aondoke. Huu ni mwezi wa tano. Analala chumbani na mke wangu, mimi nalala sebuleni. Kochi lina sentimita 140. Mimi nina 176. Hizo 36 zinalala hewani.

Taa nimeshanunua. Ijumaa narudi kitandani kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Fundi umeme wa magari anataka nimwachie gari siku nzima. Siku nzima kwa taa mbili! Nimefunga mwenyewe. Waya mwekundu haukunisumbua. Mweusi ndio ulikosa pa kushika. Nikajaribu nyaya kumi na moja, wapi. Wa kumi na mbili, unaotoka kwenye breki ya mkono, nikaugusisha tu: taa hizo! Nikazunguka mbele kutazama. Nyeupe pe. Dakika 55 kazi yote.

Mke akauliza kama nimejaribu kuliendesha. Nikamjibu taa hutazamwa, haziendeshwi.

Jumatano, 5 Machi

Kilomita 14 mjini, polepole, nikipunga mkono. Hakuna aliyesifu. Miwani akanisimamisha kwenye kituo cha mafuta, eti taa zangu haziwaki. Nikaegesha, nikavuta breki ya mkono kama mwalimu anayejiheshimu, nikashuka, nikamwonyesha. Zinawaka. Akavua miwani akaifuta. Nikamshauri abadilishe lenzi.

Muuza magazeti naye akasema hayohayo. Halafu fundi baiskeli. Halafu mke wangu, barazani. Wote niliwaegeshea, nikavuta breki, nikashuka, nikawaonyesha. Wanne kwa sifuri. Mwenye wivu ajinyonge.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya mwisho. Mama mkwe siku hizi anaendesha vizuri, haki yake nimpe. Saa nzima hakugusa hata ukingo wa barabara. Tulipopita duka la samani akatazama kioo chake kikubwa, akaguna. Akasema taa zimezima. Akainua breki ya mkono kidogo, akasema sasa zimewaka. Nikamweleza kwa adabu, maana mkwe hafokewi, kwamba vioo vya maduka vinapotosha, atazame barabara. Na kesho akumbuke jambo moja tu: mkaguzi asizione taa hizo zimezima hata sekunde moja.

Akaitika, sawa baba.

Mto wangu nimeshaupeleka chumbani.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe aliondoka na mkaguzi saa nne kamili, taa zikimeta. Miwani alikuwepo. Niliegemea ukuta ili anione vizuri.

Dakika ya tisa gari likarudi na moshi. Magurudumu ya nyuma! Harufu ya breki kuungua ilifika mpaka ofisini. Njia nzima mama mkwe ameendesha breki ya mkono ikiwa juu. Mkaguzi alimwambia aishushe mara tatu, na mara tatu akajibiwa kuwa mwalimu amekataza.

Nikamuuliza mama mkwe, taratibu, imekuwaje.

"Si ulisema zisizime hata sekunde, mkwe wangu? Nikiishusha tu, zinazima. Jana nilikwambia." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na kona zote nilizipata."

Hadi mtihani mwingine ni siku 90. Miwani akaja kutoa pole. Akasema kulikokota gari lililofungwa breki kilomita tatu bila kulizimisha si mchezo, mama huyu ni dereva.

Mto umerudi sebuleni. Ameuleta mke wangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari kwa haki bila kumpendelea mtu. Kosa ni la breki ya mkono. Haina msimamo: mara juu, mara chini. Asubuhi nimehamishia waya mweusi kwenye swichi ya mlango wa dereva, ile inayowasha taa ya ndani mlango ukifunguliwa. Mlango ni kitu cha kuaminika. Dakika 20.

Mke akasema gari nimpelekee fundi. Mama mkwe, aliyekuwa anakunywa chai kwenye kochi langu, akajitolea aliendeshe kidogo nami nisimame mbele nitazame. Nikamwambia apumzike, ana siku 90 za kuendesha.

Nikawasha gari. Nikafungua mlango, nikashuka, nikazunguka mbele.

Zinawaka. Nyeupe pe.