Ombi la Kufunga Nafasi za Kazi Ili Watu Warudi Getini

Kwa Bwana Meneja wa Kiwanda cha Nguo,

Nakuamkia kwa heshima zote, mimi mlinzi wako wa geti la mbele. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikija ofisini katibu wako ananiambia upo kwenye simu, unatafuta wafanyakazi.

Bwana Meneja, juzi ulipita ukasema geti lisilo na watu halihitaji mlinzi, na kwamba mwisho wa mwezi nitahamia stoo kubeba marobota. Niliitikia ndiyo bosi, lakini moyo uliniuma. Kwa mgongo huu? Basi naomba unisikilize.

1. Biashara ilipodorora, tulibandika getini karatasi moja tu: anatakiwa mfagiaji. Loo, watu! Foleni ilifika hadi duka la vipuri. Ni kweli walikuwa na njaa na viatu vimewaishia, ila adabu walikuwa nayo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wao waliinama hasa. Wenye digrii waliniita Mkuu. Hata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye tangu harusi hajawahi kuniambia neno zuri, alinishikia mwavuli asubuhi nzima.

2. Sasa biashara imechangamka. Karatasi zimejaa hadi zimeziba tundu langu la kuchungulia: mshonaji, mkataji, mpiga pasi, dereva. Watu je? Hakuna hata wa kuniuliza saa. Shemeji kapata usimamizi kwingine, siku hizi akipita ananipigia honi tu. Hii ni haki kweli?

3. Nimelichunguza jambo hili kwa makini. Karatasi moja, watu tele. Karatasi tele, hakuna mtu. Kwa hiyo karatasi ndizo zinazowafukuza. Nilibandua nne bila idhini yako, unisamehe, nikasubiri. Akaja mtu! Alikuwa anauliza njia, lakini alikuja.

4. Anayebaki kutujia ni dada mmoja mwenye cheti cha uhasibu, anatafuta kazi tangu mwaka juzi. Anasoma karatasi zote, anashukuru, anaondoka. Sisi tunalia hatuna mshonaji, yeye analia hana kazi, na vilio havisaidiani. Huyo namhurumia kwa dhati, maana ndiye pekee anayeniamkia.

Kwa hiyo naomba ubandue karatasi zote. Kama moja ilijaza barabara, tusipobandika hata moja mji mzima utakuja. Ikibidi, waachishe kazi nusu ya waliomo ndani, ili foleni ipate pa kuanzia. Kisha zungumza na mameneja wenzako wa mtaa huu wafanye vivyo hivyo, hali ngumu irudi kikamilifu, si nusunusu. Watu wakishajaa, mlinzi mmoja hatatosha. Utaajiri wengine watatu, mimi nikiwa mkubwa wao, na hapo utasifiwa kwamba umepunguza tatizo la ajira.

Nisalimie katibu, mama anayetupikia chai, washonaji waliobaki, na yule fundi wa mashine mwenye kununa.

Ni mimi niliye chini yako, na ningependa nisiwe chini ya robota,

Mlinzi wa Geti la Mbele

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, meneja wa kiwanda cha sabuni ng'ambo ya barabara amekuja mwenyewe, kwa miguu, akaniamkia. Anatafuta mlinzi na kakosa. Mshahara unauzidi huu unaonilipa wewe, na kiti kina mto. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kwa hiyo hayo ya juu yafute yote: nafasi za kazi ni kitu kizuri sana, Mungu azizidishe. Karatasi ya kutafuta mlinzi nimekubandikia mwenyewe. Akisimama mtu kuisoma, toka mbio umshike mkono, maana huko niendako wanataka na wa zamu ya usiku, na nimeagizwa nimlete mimi.