Pilipili za Kumrudisha Bertille

Jumatatu, 5 Machi 1979
Barua kutoka Niemba. Baba mkwe, Papa André, anakuja Jumapili kwa gari moshi pamoja na mke wangu Bertille. Anataka kuona jambo moja tu: kama kuna chochote kinachoishi mikononi mwangu. Kikiwepo, Bertille anabaki. Kisipokuwepo, wanarudi wote wawili.

Ana haki. Mimi ndiye niliyetoa sufuria za Bertille nikapewa njiwa kumi. Jioni ileile njiwa wakaruka, wakarudi kwa mwenyewe. Sufuria hazikurudi. Bertille naye akaenda kwao.

Lakini nina pilipili! Miche sita barazani, kwenye bidoni za mafuta zilizokatwa. Maua yapo. Tunda, hakuna hata moja. Nami nilikwisha kumwandikia mzee kwamba zimeiva, nyekundu tupu. Mdomo wangu huwa unafika kabla yangu.

Jumanne, 6 Machi
Nimechungulia kwa jirani, Mama Domitille. Pilipili zake zinatoa machozi kwa kuzitazama tu. Siri nimeiona: anazimwagia maji aliyooshea samaki. Kumbe! Mimi karani miaka sita, sijawahi kufikiri hivyo.

Nimemwomba Papa Edouard, muuza samaki, maji ya pipa lake. Akauliza ya nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya sayansi. Nimemwaga ndoo nzima.

Alhamisi, 8 Machi
Majani yamelegea. Nimeongeza ndoo ya pili, kuyatia nguvu.

Ijumaa, 9 Machi
Miche mitatu imekufa. Mitatu inasuasua, maua yote chini. Nimejishusha, nikaenda kumwuliza Mama Domitille. Alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye anaosha ndagala wabichi, waliotoka ziwani asubuhi hiyo. Pipa la Papa Edouard ni la samaki wa chumvi!

Akaniambia, "Papa Onésime, watu wanatiaka chumvi mu chungu, hapana mu udongo!"

Nikamwomba pilipili thelathini. Akaziweka juu ya ukuta nizichukue mwenyewe, maana pilipili haipokelewi mkono kwa mkono, inaleta ugomvi. Akauliza ni mchuzi gani huo wa pilipili thelathini. Nikasema nina mafua.

Jumamosi, 10 Machi
Mtaa mzima uko salongo, kazi ya lazima ya umma, wanafagia barabara. Mimi nina homa. Yaani niko barazani na uzi wa kijani, nafunga pilipili moja moja kwenye matawi. Ishirini na tisa zimekaa vizuri. Kwenye ya thelathini nilijisahau, nikapangusa jicho. Sasa yeyote akija kuuliza habari ya homa yangu, ataamini.

Jumapili, 11 Machi
Wamefika. Bertille amekonda. Moyo umeniuma, sikujua kama nilimtamani kiasi hiki.

Papa André alizunguka bidoni polepole, akanyoosha mkono achume. Nikaruka! Nikamweleza kwamba kwetu mgeni hachumi pilipili, mti hukauka. Mila hiyo ilikuwa na umri wa dakika moja. Mzee akarudisha mkono, akashukuru kuelezwa. Nikajipongeza.

Kisha akasema, "Ni vizuri. Basi Bertille achume. Yeye haiko mugeni hapa, njo mwenye nyumba."

Nilitamani ardhi inimeze. Bertille akainama, akampa baba yake mgongo. Nikamwona anakata uzi kwa meno. Akaja akaweka pilipili kwenye sahani. Mzee akala bukari, ugali wetu, akatoka jasho, akanisifu. Alasiri akaondoka peke yake.

Ndipo Bertille akafungua kinywa. Alisema mafundo yangu ni mabaya. Alisema pia kwamba mwanamume aliyekaa kufunga mafundo thelathini kwa ajili yake si wa kutupa, lakini asirudie. Nikaapa. Nikalia, na safari hii si kwa pilipili.

Jumatano, 14 Machi
Bertille amemwaga udongo wa chumvi, ameosha bidoni, amepanda mbegu za Mama Domitille. Anasema tuwe na subira. Nimekubali kila kitu. Nampenda sana mwanamke huyu.

Barua ya Papa André. Ameisimulia Niemba nzima habari za mkwe wake mkulima. Pasaka anakuja tena, anauliza kama ninalima vitunguu pia. Bertille ameniambia nimjibu ukweli. Bila shaka!

Nimemjibu kwamba vipo, na vinanenepa. Vitunguu havisumbui: mtu anavinunua sokoni Jumamosi, anavizika Jumamosi hiyohiyo.