Usukani Mapajani

Jumatatu, 9 Juni 1997

Leo nimevunja ufunguo. Si kosa langu. Ulikataa kuzunguka, nikausaidia kwa koleo, nusu ikabaki mkononi na nusu ndani ya swichi. Miaka ishirini na minne umewasha gari la baba mkwe bila nongwa, ukanisubiri mimi. Ahsante sana!

Gari ni la 1973, rangi ya siagi, refu kuliko sebule yetu. Tangu Mzee Alvin afariki na mkewe, Mama Gerda, ahamie kwetu, limelala gerejini chini ya shuka. Jana mezani Mama Gerda alitangaza: Jumapili ndoa yao ingetimiza miaka sitini, anataka kwenda makaburini kwa gari lile lile, na atakayeliwasha atalichukua liwe lake. Akanitazama mimi, mkwe wake wa pekee. Halafu akatazama dirishani, upande wa jirani. Kwa nini dirishani?

Jirani ni Casimir Wojtas. Amestaafu. Aliunganisha nguzo za usukani, yale mabomba yanayoubeba, kiwandani hapa Saginaw miaka thelathini na mmoja, na ana namna ya kukaa kimya inayoudhi. Leo aliegemea uzio akauliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, naisikiliza swichi tu.

"Haya," akasema. "Ikikujibu, niite."

Simwiti ng'o.

Jumanne, 10 Juni

Kitabu cha maktaba kinasema kwanza utoe waya wa betri. Inaelekea kinasema hivyo ukurasa wa kwanza. Mimi nilianzia penye picha.

Honi ililia dakika kumi na moja. Nililifunika gari kwa blanketi. Sijui nilitarajia nini. Mama Gerda alitoka na kikombe chake cha kahawa, akakaa kwenye kiti cha bustani kama yuko kwenye tamasha. Casimir alinipungia mkono, kisha akanionyesha betri kwa kidole. Kana kwamba sijui betri iko wapi! (Nilikuwa nimesahau iko upande gani.)

Usukani hautoki kwa kuvuta. Nimevuta. Mgongo ndio uliotoka. Kuna kifaa maalumu cha kuung'olea, na anayekimiliki mtaani ni mtu mmoja tu. Nikabuni mpango: mke wangu Twyla akakiazime, aseme ni cha kutolea mmea uliokwama kwenye chungu. Safi kabisa, hakuna wa kushuku.

Twyla amerudi na kifaa. Amerudi pia na kifaa cha pili ambacho sikukiagiza, cha kukandamizia sahani ya chuma iliyo chini ya usukani. Casimir amesema huo mmea utakihitaji.

Jumatano, 11 Juni

Mafanikio! Usukani umetoka. Sahani imetoka. Ringi iliyoishikilia sahani imetoka pia, kwa mwendo wa risasi, na sasa inaishi mahali fulani kwenye nyanya za Casimir. Nimemwomba Twyla akaitafute. Amesema ameolewa na mimi, hakuolewa na gari.

Swichi mbovu nimeichomoa kwa bisibisi nyembamba, kama fundi wa kuzaliwa. Hapo kibati kidogo, kile kinachopiga kengele ukisahau ufunguo, kikateleza na kuzama ndani ya nguzo. Nikakivua kwa waya wenye chingamu kwenye ncha. Mara ya kwanza ikaja grisi ya kale. Mara ya pili kikaja kibanio cha nywele, cha kike, chenye kutu.

Nilimpelekea Mama Gerda kwa mzaha. Hakucheka. Alikifumbata kiganjani, akasema ni chake, na Alvin alimwambia kilipotelea ziwani. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao haukunipendeza, "Orrin, baba, utaweza kweli?"

Nikasema Mama, ondoa shaka. Nimesema hivyo mara nyingi maishani mwangu.

Kibati hakijapatikana. Gari lisilopiga kengele ni gari tulivu.

Alhamisi, 12 Juni

Swichi mpya imeingia. Ufunguo mpya unazunguka vizuri mno. Unazunguka, unazunguka, na hakuna kinachotokea. Ndani kuna kipande chenye meno kinachopeleka mzunguko wa ufunguo kwenye fimbo inayoshuka chini. Changu hakina meno. Kina ufizi.

Ili kukifikia lazima ufungue ile sehemu inayouwezesha usukani kuinama na kuinuka. Nikachomoa pini mbili. Springi iliyokuwa humo ikanirukia kidevuni. Kitabu kiliandika onyo, kwa herufi kubwa. Kitabu kina kiburi.

Baada ya kuweka barafu kidevuni nilifikiri kwa utulivu. Nani anahitaji usukani unaoinama? Nani anahitaji ufunguo? Nimerudisha pini na usukani, springi nimeiacha nje, nimeukaza usukani kwa kabari ya mbao, na nimegundua kwamba fimbo ile ukiisukuma kwa bisibisi huku chini, gari linawaka. Likawaka! Likaunguruma! Twyla alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kama limetengenezwa. Nikamwambia limeboreshwa.

Ijumaa, 13 Juni

Leo gari limetoka gerejini.

Nilitaka kulijaribu peke yangu, hadi kwenye kona na kurudi. Mama Gerda alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kitambaa kichwani. Nilipaswa kumwambia ashuke. Lakini Casimir alikuwa anamwagilia nyanya zake, na nilitaka aone.

Tulitoka kwa heshima zote. Nilipokata kona kurudi nyumbani, kabari ikachomoka. Usukani ukaniangukia mapajani kama sinia la pilau. Nikaunyanyua, ukaanguka. Nikauzungusha, gari likaenda kwingine. Mguu ulikuwa umebanwa, breki siioni. Tulipanda ukingo wa barabara, tukaingia bustani ya Casimir.

Mama Gerda, miaka themanini na mitatu, alinyoosha mkono mbele ya pua yangu, akaisukuma gia hadi katikati, injini isivute tena. Gari likapungua, likapungua, likasimama juu ya mistari mitatu ya nyanya, hatua mbili kutoka aliposimama Casimir na mpira wake wa maji.

Mkono wa Mama Gerda ulikuwa bado umeng'ang'ania gia. Nilimwambia samahani. Akasema, "Ungetuua, Orrin. Kwa ajili ya nini?"

Nikashuka kuziangalia nyanya.

Jumamosi, 14 Juni

Casimir alikuja asubuhi na mkoba wa spana. Nyanya hakuzitaja. Angezitaja ningejisikia vizuri zaidi.

Alimpa Mama Gerda kazi ya kumulika tochi. Mimi alinipa sahani ya bolti. Nilipotaka kusaidia akasema, "Orrin, bwana, usiguse. Shika sahani." Nikaishika kwa muda wa saa mbili na nusu. Bolti nne za ndani zilikuwa zimelegea miaka mingi, alisema, ndiyo maana usukani ulikuwa unacheza. Akazikaza. Akaweka kipande kipya chenye meno. Springi ile ile iliyonipiga ikaingia mkononi mwake kama paka mpole. Ufunguo, mzunguko mmoja, gari likawaka.

Mama Gerda alimbusu shavuni. Mimi nilirudisha sahani.

Jumapili, 15 Juni

Mama Gerda ameendesha mwenyewe. Aliuinamisha usukani mpaka ukamfaa, akatupeleka makaburini mwendo wa harusi, Casimir mbele, mimi na Twyla nyuma. Alisimama kaburini muda mrefu na hakutaka kushikwa mkono. Aliporudi alimpa Casimir ufunguo. Akaukataa, akasema yeye ana gari. Basi Mama Gerda akampa Twyla, mbele yangu, na sharti moja ambalo Twyla amelirudia njia nzima: nisiliguse.

Nimekubali. Nimeapa. Nilimaanisha kila neno.

Ila njiani niliona saa ya dashibodi imekufa. Saa si gari. Saa ni saa. Casimir alisema ataitazama Jumanne. Jumanne! Kwa kitu kidogo namna ile, ambacho mtu mwenye akili anakichomoa kwa kisu cha siagi na kukirudisha.

Twyla anaoga. Nina nusu saa.