Stelingi Alipita Dirishani

Jumatatu, 5 Mei
Nina hasira! Miaka yote hii natafsiri muvi kwenye kibanda umiza cha Jaffar, banda la video hapa Mtoni. Maikrofoni mkononi, stelingi, yule shujaa wa muvi, anaongea kwa sauti yangu. Leo stelingi anaingia motoni kuokoa mtoto, mara amplifaya ikalipuka. Moto wa kweli! Nikatoka. Kwa dirisha. Si kila mtu alitoka? Eti Flaviana, muuza mihogo wa jirani, kaingia na kanga aliyoilowesha, akamtoa Malak, binti wa Jaffar, aliyekuwa kalala chini ya benchi. Sasa mtaa mzima Flaviana, Flaviana. Mie wananiita Dirisha!

Jumanne, 6 Mei
Jaffar kasema wateja hawataki sauti ya mwoga, kibanda kikishatengenezwa maikrofoni anampa Talha, kijana wake wa dukani. Talha mwenye kithembe! Nimembembeleza. Mwishowe akasema Jumapili ana shughuli ya kumshukuru Flaviana, niongee mbele ya watu, akiridhika atanirudishia kazi.

Nikaenda kwa Flaviana kumwuliza alijisikiaje mle motoni, nipate maneno. Kasema hakumbuki, macho yalikuwa yanawasha, na je, nanunua mihogo au nazuia wateja? Shujaa gani huyu? Hana hata sentensi moja! Kwenye muvi stelingi akitoka motoni anavaa miwani, anasema kitu. Huyu alirudi kugeuza mihogo.

Alhamisi, 8 Mei
Nimepata la kusema Jumapili! Nilivunja dirisha makusudi, moshi utoke, Flaviana aone njia. Yeye msaidizi, stelingi mie. Nimefanya mazoezi bafuni mpaka mpangaji mwenzangu akagonga ukuta na kunitukana. Hajui sanaa, mjinga yule.

Jumapili, 11 Mei
Wameniaibisha! Pilau imeliwa, watu wametulia, nikaweka ile sauti nzito. Nilipofika kwenye dirisha wakaanza kupiga makofi, wallahi! Ndipo Malak, mtoto wa miaka sita, akasimama na kusema nilimkanyaga mkono, ndipo akaamka. Akasema aliniita, nikamwangalia, nikaruka. Mtoto mdogo vile anakumbukaje kitu kama hicho?

Jaffar akaja taratibu, akachukua maikrofoni. Hakunitukana. Bora angenitukana! Halafu Flaviana akanipakulia pilau, eti nisiondoke na njaa. Nimeikataa. Huruma yake akampe mwingine!

Jumatatu, 12 Mei
Sikulala, nimefikiri. Kosa langu si kukimbia. Kosa ni kwamba tukio lilinikuta sijajiandaa. Stelingi yeyote anajua muvi inaanza saa ngapi.

Sasa basi. Nyuma ya saluni mfuniko wa chemba ya maji taka umevunjika tangu jana. Shimo liko wazi, na watoto wa shule hukatiza hapo hapo asubuhi. Sijamwambia mtu. Nimenunua kamba, nimechaji simu, na kesho alfajiri nitakuwa nimeshakaa pale nasubiri.